Tona Kama Kinga: Kutoka Fotokopi Hadi Bamba la Kuchapia

Kila wiki tunapiga fotokopi za notsi, lakini swali la "fotokopi inafanyaje kazi?" likija kwenye mtihani, darasa zima kimya. Tulijibu leo, kisha tusogee hatua moja: tona hiyohiyo inavyotengeneza bamba la kuchapia.

Kuna vitu vinavyozuia umeme gizani na kuupitisha vikipigwa na mwanga. Salfa ni kimojawapo, na oksidi ya zinki pia. Tarehe 22 Oktoba 1938, Astoria, New York, Chester Carlson na msaidizi wake Otto Kornei walipaka salfa kwenye bamba la zinki, wakalisugua kwa kitambaa lipate chaji, kisha wakalimulika kupitia kioo chenye maandishi. Palipopata mwanga, chaji ilitoroka. Penye kivuli ilibaki, ikavuta unga, maandishi yakaonekana.

Mashine ya kwanza ya kampuni ya Haloid, mwaka 1949, ilikuwa ngumu kuitumia kwa kopi za kawaida. Iliokolewa na wachapaji, walioitumia kutengeneza mabamba ya karatasi ya ofseti. Tona iliyoyeyushwa hushika wino wa mafuta, na sehemu iliyolowa maji huukataa. Mwaka 1954 RCA walitangaza Electrofax, inayotumia oksidi ya zinki iliyochanganywa na gundi. Ukiipaka juu ya bamba la metali, picha ya tona inakaa palepale. Unaosha oksidi isiyofunikwa, kisha asidi inakula metali iliyo wazi. Tona ndiyo kinga.

Hii inatuhusu nini? Chukua mfano wa kikundi cha wafuga nyuki Kaniha, Biharamulo, kinachotaka lebo ya asali. Bila lebo, asali inauzwa kwa bei ya chupa ya maji iliyookotwa. Mwanachuo mwenye printa ya leza, pasi na bamba la shaba anaweza kuwachongea chapa:

1. Chapisha lebo kwenye karatasi inayong'aa. Usigeuze maandishi! Yatageuka yenyewe kwenye shaba, na yatanyooka tena kwenye lebo.
2. Safisha shaba kwa steelwool, laza karatasi upande wa tona chini, piga pasi ya moto dakika chache.
3. Loweka kwenye maji, sugua karatasi itoke, tona ibaki.
4. Tumbukiza kwenye feriki kloraidi, ndani ya chombo cha plastiki: Cu + 2FeCl₃ → CuCl₂ + 2FeCl₂.

Bodi ya shaba ya wanafunzi wa elektroniki kwa kawaida ina shaba ya milimita 0.035 tu, hivyo wino utaingia mabondeni. Tumia bamba nene, herufi nene na rola ngumu yenye wino kidogo. Ukichonga kina kirefu, dawa hula pia pembeni, herufi nyembamba zikaanguka.

Vaa glovu na miwani, na fanya kazi penye hewa. Dawa iliyotumika ina shaba, na shaba huua samaki. Usiimwage kwenye sinki wala bondeni. Ihifadhi kwenye dumu lenye jina na uipeleke maabara.

Kabla ya kuomba hela ya mradi, jaribu kwanza na neno moja: ASALI.