Toka Dirishani, Mdogo Wangu

Wiki hii barua nyingine zote nimeziweka kando nijibu moja tu. Imetoka Kasenyi, kwetu Ituri kando ya Ziwa Albert, kwa binti aliyemaliza masomo ya famasia Kinshasa akarudi nyumbani ziwani. Hospitali jenerali ya serikali imempa nafasi. Mama yake, aliyemsomesha kwa kuuza samaki wa chumvi, anataka afungue farmasi yake Bunia, maana binti wa jirani alifungua na sasa anajenga. Yeye mwenyewe moyo uko hospitalini, ila ana hofu. "Dada," ananiandikia, "kule nitafanya nini zaidi ya kuhesabu vidonge?"

Mdogo wangu, mimi mwaka wangu wa kwanza kazini nilihesabu vidonge. Kulikuwa na kidirisha chenye nondo, watu wanapanga mstari, wanaingiza ordonansi, natoa dawa, naandika kwenye fishi ya stoki, basi. Wodi ilikuwa hatua 30 kutoka pale na sikuwahi kuizungukia. Nilidhani huko ni kwa madaktari na wauguzi.

Kilichonitoa dirishani ni oksitosini. Unajua dawa hii: mama akishajifungua huchomwa yuniti 10 ili tumbo la uzazi likaze, damu isimwagike. Unajua pia kwamba inataka baridi, kati ya nyuzi 2 na 8. Siku moja nilipokea katoni iliyosafiri juu ya pikipiki, mchana, bila kisanduku cha baridi. Fishi ilikuwa sawa, hesabu ilikuwa sawa, tarehe ya kuisha ilikuwa mbali. Nikatia sahihi, nikaiingiza friji. Wiki chache baadaye mkunga mmoja alinijia akilalamika kwamba dawa "imechoka", kwamba anachoma mara moja, mara mbili, na damu haishiki. Mama mmoja tulikaribia kumpoteza usiku ule. Ile katoni ilikuwa imepita mikononi mwangu, na jina langu ndilo lililokuwa kwenye karatasi ya kupokelea. Friji haifufui dawa iliyokwisha kupikwa njiani.

Sasa fikiria njia yako wewe. Bunia iko juu, zaidi ya mita 1,200. Ziwa Albert liko kwenye mita 600 na kitu. Zile kilomita 50 na kitu za kuteremka mlima, kila anayeshuka nazo anavua sweta kabla ya kufika. Dawa haina sweta ya kuvua. Kwa hiyo kazi yako ya kwanza Kasenyi inaanzia njiani: nani amebeba, amebeba ndani ya nini, ametoka saa ngapi, barabara ilifungwa wapi. Nunua kipimajoto chako mwenyewe, cha bei ndogo tu, ukiweke ndani ya kisanduku. Na dawa ikifika ya moto, kataa kutia sahihi. Watakuchukia siku mbili.

Lakini uliniuliza kuhusu mfamasia wa kliniki hasa, yule anayesimama kando ya kitanda. Kazi hii si ya zamani sana hata huko kwenye hospitali tajiri. Mwaka 1966, kwenye hospitali ya chuo kikuu huko San Francisco, Marekani, wafamasia walipewa kituo kwenye ghorofa ya tisa, humohumo wodini, usiku na mchana, badala ya kukaa chini stoo. Wengi huhesabu mwanzo wa kazi yetu pale. Waliona kwamba anayeijua dawa awe mahali dawa inapoingia mwilini. Wewe huhitaji ghorofa ya tisa. Unahitaji kiti kimoja kwenye wodi ya watoto.

Anza na malaria, kwa sababu malaria ndiyo itakayoijaza hiyo wodi. Tunatumia atesunati ya sindano kwa malaria kali, na tunaitumia kwa sababu nzuri: utafiti mkubwa uliotoka mwaka 2010, uliofanywa katika nchi 9 za Afrika, Kongo yetu ikiwemo, kwa watoto zaidi ya 5,400, ulionyesha kwamba vifo vilipungua kwa zaidi ya moja ya tano ukilinganisha na kwinini: watoto 8.5 katika kila 100 badala ya 10.9. Ila dawa nzuri hupotea kwenye hesabu mbaya. Chukua mtoto wa kilo 8. Chini ya kilo 20 anatakiwa kupata miligramu 3 kwa kila kilo, yaani 24. Chupa ya miligramu 60 ukiitengeneza kwa ajili ya mshipa, kila mililita inabeba miligramu 10, kwa hiyo unavuta mililita 2.4. Ukiitengeneza kwa ajili ya msuli, maji ni machache, kila mililita inabeba 20, unavuta 1.2. Umeona mtego? Muuguzi aliyechanganya kwa msuli akavuta kwa kipimo cha mshipa amempa mtoto mara mbili. Akikosea upande wa pili amempa nusu, na vimelea vinashukuru. Hakuna ubaya wa moyo hapo. Kuna muuguzi mmoja, watoto 25 na taa ya simu.

Kaa naye. Hesabuni pamoja. Bandika ukutani jedwali la uzito lenye maandishi makubwa, na kama kuna la zamani linalosema miligramu 2.4 kwa kila kilo kwa kila mtoto, libandue, maana kipimo hicho ni cha wenye kilo 20 kwenda juu. Jedwali moja sahihi ukutani lina kazi kubwa kuliko semina tatu za Bunia.

Halafu angalia vinavyokutana ndani ya mshipa. Seftriaksoni, ile antibiotiki ya sindano, na Ringa laktati, maji ya drip, vipo katika kila stoo ya serikali, na kila kimoja kinaokoa watu. Lakini Ringa ina kalisiamu, na seftriaksoni ikikutana na kalisiamu inaganda kama unga. Kichanga cha chini ya siku 28 anayewekewa drip ya Ringa asipewe seftriaksoni kabisa. Daktari aliyeamka tangu jana anaweza kuandika vyote viwili kwenye karatasi moja. Dirishani ungevitoa vyote viwili na kuweka alama ya vema. Ukiwa wodini unamwona mtoto, unaona drip, unauliza.

Sasa nikueleze jambo lililotokea kwetu Ituri hapahapa. Tangu Desemba 2014, kule Aru, mpakani na Uganda, watu walianza kufika vituo vya afya shingo zimepinda, nyuso zimekaza, ndimi zimetoka nje, watoto kwa wakubwa. Kwanza walidhaniwa wana meninjitisi, homa ya uti wa mgongo, kwa sababu shingo ngumu ndivyo inavyotufundisha kufikiri. Hadi Agosti 2015 walikuwa wamehesabiwa zaidi ya 1,000, na 11 walifariki. Uti wa mgongo haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye kidonge. Kopo liliandikwa diazepamu, ile ya kutuliza na kuleta usingizi, na maabara zilipopima zikakuta haloperidoli, dawa ya wagonjwa wa akili, kwa kipimo kikubwa. Madaktari Wasio na Mipaka walisaidia kufuatilia, na mwaka huohuo wa 2015 Shirika la Afya Duniani likatoa onyo kwa dunia nzima.

Nataka usimame kidogo hapa. Diazepamu ya kweli ni moja ya dawa zinazolegeza misuli iliyokaza namna hiyo. Kwa hiyo muuguzi mwema, akimwona mgonjwa amejikunja, angeweza kuchukua kopo lilelile na kumwongezea kidonge. Ndiyo maana nakwambia swali la mfamasia ni moja na linaonekana dogo: kabla ya kuugua hivi, ulimeza nini, na ulikitoa wapi? Liulize kwa kila mgonjwa anayefika na dalili isiyoeleweka. Mwombe aliyemleta arudi nyumbani kuchukua kikaratasi, kopo, hata kidonge kimoja kilichobaki. Kiweke ndani ya bahasha, andika tarehe, kijiji na jina la duka kama analijua, kisha peleka habari kwa ofisi kuu ya eneo la afya siku hiyohiyo. Wagonjwa watatu wenye dalili moja na kidonge kimoja si bahati mbaya, ni taarifa.

Na Kasenyi yako ni mahali pa vidonge vinavyotembea. Mitumbwi huvuka kwenda na kurudi Uganda kila siku ziwa likitulia. Februari 2018, vita vilipowaka, maelfu ya watu wenu walipanda mitumbwi hiyo wakatua Sebagoro, Uganda, na kipindupindu kikawapokea kwenye kambi ya wakimbizi ya Kyangwali. Wengine walirudi baadaye. Mgonjwa wa namna hiyo atakufikia na daftari la kliniki lililoandikwa Kiingereza, kifuko cha dawa kisicho na jina, na ordonansi ya Kifaransa aliyopewa jana. Yeye mwenyewe anaongea Kihema, au Kilendu, na Kiswahili kidogo cha sokoni. Humo ndani kunaweza kuwa na dawa moja yenye majina mawili, anameza zote mbili kwa uaminifu kabisa. Mwambie amwage mfuko wote mezani. Panga kimoja kimoja. Uliza hiki unakunywa lini, na hiki? Kisha mweleze kwa Kiswahili anachokijua, umwombe akurudishie maneno yako. Usimwulize kama ameelewa, atasema ndiyo kwa heshima tu. Kuhusu lugha hizo mbili za nyumbani kwenu, zote mbili, jifunze salamu na maneno ya dawa. Mfamasia anayeonekana wa upande mmoja, mgonjwa wa upande mwingine atanunua sokoni.

Tuje kwenye fedha, mama yako asije akasema namharibia mtoto. Kwa serikali yetu, matrikuli (namba ya mtumishi), mshahara na prime (posho) ni mambo matatu, na unaweza kufanya kazi miaka bila kupata yote. Wapo wenzetu wengi ambao hospitali inawagawia kidogo kutoka kwenye malipo ya wagonjwa, na mwezi wagonjwa wakikimbia vita hakuna cha kugawa. Kabla hujakubali, nenda uulize waziwazi: barua yangu ya kazi imesainiwa na nani, faili yangu imefika wapi, mgao wa hospitali ni kiasi gani na hutoka lini. Si aibu kuuliza. Ukitaka kufungua kiduka cha familia baadaye, mama akisimamia, sikukatazi. Ninachokukataza ni kimoja, na hapa siongei kwa upole: dawa ya hospitali isivuke ukuta kwenda kwenye kiduka hicho, hata kopo moja, hata kwa kukopa. Siku itakapovuka hutaweza tena kumwuliza mtu yeyote wodini swali lolote.

Na dawa zitaisha. Chora mwenyewe matumizi ya kila mwezi, usisubiri kopo la mwisho ndipo upeleke ombi, kwa sababu barabara inaweza kufungwa wiki nzima. Msimu wa kipindupindu upande wa ziwa unajulikana na wenyeji kuliko na ofisi. Waulize wavuvi, uweke akiba ya Ringa na maji ya chumvi na sukari mapema. Ikibidi kubadilisha dawa moja kwa nyingine, peleka wewe habari kwa daktari kabla hajazungukia wagonjwa asubuhi, asije akaijua kutoka kwa mgonjwa.

Mwisho wa barua yako umeandika kwa herufi ndogo, kama unayeona haya: daktari wa pale ana umri wa baba yako, na aliwahi kukutibu ukiwa mtoto. Utamwambiaje kwamba amekosea kipimo?

Usimwambie amekosea. Usimwambie mbele ya mgonjwa, wala mbele ya wanafunzi wa uuguzi. Msogelee akiwa anaandika, uwe na mizani na kikokotoo mkononi, useme: "Baba dokta, samahani, naomba tumpime tena huyu mtoto pamoja, mimi nimepata kilo 8." Halafu mpe kalamu, ahesabu mwenyewe.