Somo la Mwezi: Leo Kwangu, Kesho Kwako

Mwezi huu tujifunze jambo ambalo wataalamu wa hesabu wamelichunguza, nasi hukutana nalo kila siku: je, kushirikiana kuna faida, au mjanja ndiye afaidiye?

Tuseme majirani wawili wamepatana kupalilia mashamba yao kwa zamu. Mmoja akisaidiwa leo, kisha kesho akajificha, amefaidi sana na mwenzake amepata hasara tupu. Wakitegeana wote wawili, kila mmoja hubaki na magugu yake. Kwa siku moja ujanja hushinda. Lakini majirani hawaishi pamoja siku moja tu.

Mwaka 1980, Robert Axelrod wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, alitangaza matokeo ya mashindano yaliyochezwa kwa kompyuta. Wachezaji wawili wakishirikiana, kila mmoja alipata alama 3. Wakitegeana, kila mmoja alipata 1. Mmoja akimtegea mwenzake mwaminifu, yeye alipata 5 na mwenzake 0. Kila mchezo ulikuwa na zamu 200. Wataalamu walileta mipango 14, mingine ya hila nyingi. Ulioshinda ulikuwa rahisi kuliko yote, nao ulitoka kwa Anatol Rapoport: anza kwa wema, kisha mtendee mwenzako kama alivyokutendea zamu iliyopita. Mashindano yaliporudiwa kwa mipango 62, ukashinda tena.

Tuone siri yake. Haukuanza ubaya. Haukukubali kuonewa daima. Wala haukuweka kinyongo: aliyerudia wema alipokewa mara moja. Tena haukumzidi alama mwenzake hata katika mchezo mmoja. Ulishinda kwa jumla, kwa sababu wengi walishirikiana nao.

Lakini una kasoro. Jirani akiugua asiweze kuleta habari, nasi tukamlipiza, naye akalipiza, kisasi hakina mwisho. Mwaka 1992 Martin Nowak na Karl Sigmund walionyesha kwamba penye makosa ya namna hiyo, anayesamehe mara kwa mara hufaulu zaidi.

Basi, jirani asipotokea zamu yake, tusikate shauri kabla ya kumwuliza kilichomzuia.

Maswali ya kuzungumza:
1. Ni ushirikiano gani kwetu ulivunjika kwa kosa dogo?
2. Nani ataanza kuurudisha?