Kumzoesha Sungura Mchanga Kutumia Choo

Neno "sungura" hutumika kwa wanyama wawili tofauti. Wa kwanza ni sungura wa porini, yule mjanja wa hadithi za jadi. Huyu huzaa juu ya ardhi, na watoto wake huzaliwa wakiwa na manyoya na macho yaliyofumbuka. Wa pili ni sungura wa kufugwa, ambaye asili yake ni Hispania na Ureno. Jamii yake ya mwituni huishi kwa makundi katika mashimo, na watoto wake huzaliwa bila manyoya, macho yakiwa yamefumba.

Tofauti hiyo ina maana kubwa kwa mfugaji. Sungura wa mashimoni hutenga mahali maalumu pa kutupia kinyesi, na harufu yake huwajulisha wageni kwamba eneo hilo lina wenyewe. Kwa hiyo mfugaji hamfundishi sungura jambo jipya, bali huifuata tabia yake ya asili.

Hatua za kufuata

1. Sungura awekwe kwanza katika sehemu ndogo iliyozungushiwa uzio. Kwa siku chache mfugaji achunguze ni pembe ipi anayoichagua.

2. Katika pembe hiyo liwekwe kasha lenye ukingo mfupi. Ndani yake yatandazwe majani makavu au mabua ya uwele yaliyokatwakatwa, yasiyo na ukungu.

3. Kinyesi kidogo kiachwe ndani ya kasha ili harufu imwongoze. Penginepo mkojo ufutwe kwa siki.

4. Majani ya kula yawekwe karibu na kasha, kwani sungura hupenda kula huku akijisaidia.

5. Akishazoea, eneo lake lipanuliwe kidogo kidogo. Asipigwe akikosea, kipigo humtia hofu tu.

Afikishapo umri wa miezi minne hadi sita, sungura hubalehe na huweza kuanza tena kurusha mkojo ovyo. Hiyo ni alama ya kupevuka, si ukaidi.

Kinyesi cha aina mbili

Sungura hutoa vidonge vikavu na pia vidonge laini vinavyotoka katika utumbo kipofu. Vile laini huvila moja kwa moja, navyo humpatia protini na vitamini za kundi B. Asizuiwe kufanya hivyo.

Usafi na uhai

Vimelea vya jamii ya Eimeria huua sungura wengi wachanga, hasa baada ya kuachishwa kunyonya. Vikitoka na kinyesi, havina uwezo wa kuambukiza papo hapo. Huhitaji hewa, joto na unyevu kwa siku moja au zaidi ili vikomae. Mkoani Singida, hatari huongezeka wakati wa masika, kati ya Desemba na Aprili, matandiko yanapochelewa kukauka. Kinyesi kilichokusanyika mahali pamoja huondolewa kwa urahisi kila siku, kabla vimelea vingi havijakomaa. Kasha lioshwe kwa maji yanayochemka na kuanikwa juani. Kinyesi kipelekwe kwenye shimo la mboji.

Zoezi

Kwa siku 14, wanafunzi wahesabu kila asubuhi vidonge vilivyomo ndani ya kasha na vilivyo nje yake. Wachore grafu ya asilimia ya vile vya ndani, kisha waeleze: ni siku gani mstari ulianza kupanda, na kwa sababu gani?