Nyumba Haileti Chumvi: Kujipanga Kustaafia Kerenge

Habari ya kuzeekea ugenini haikuanza na viza za Uingereza. Bonde la Lwengera, iliko Kerenge yetu, linaijua tangu enzi za babu zetu. Mashamba ya mkonge ya Korogwe na Handeni yalilimwa na watu waliotoka mbali: Wamakonde wa Msumbiji, Warundi, Waha, Wabena. Waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alikuwa namba kwenye daftari. Kuanzia 1944 wengi wao waliandikishwa na ofisi iliyojulikana kama Silabu, wakafanya kazi kwa kipande cha siku 30, na mshahara ulitoka kipande kikijaa. Wengi walikuja kwa nia ya kumaliza mkataba mmoja na kurudi kwao. Mkataba ukaongezwa, ukaongezwa tena, nguvu zikaisha, na nauli ya kurudi haikuwapo. Wajukuu wao ni jirani zetu mpaka leo, na wapo wasioijua hata barabara ya kwenda kwao babu.

Hilo hunijia kila mtoto wa Kerenge aliyeko Birmingham, Muscat au Houston anaponiambia, "Mimi nikistaafu narudi nyumbani." Hiyo ni nia, na nia hata manamba walikuwa nayo. Mpango unaanza pale unapoweza kujibu: mwezi wa kwanza bila mshahara, shilingi zitaingia kutoka wapi? Na mwezi wa 200 je?

Shika daftari. Andika matumizi ya mwezi mmoja kwa bei za Kerenge, na usizitumie bei za likizo ya Desemba, maana wakati ule unakula kama mgeni na kulipa kama mgeni. Andika unga, mchele, mafuta, gesi au mkaa, LUKU, maji, ujira wa kijana wa shamba, nauli ya kwenda Korogwe mjini, vocha, dawa za presha kama unazo. Halafu weka mstari ambao karibu kila anayerudi huusahau: michango. Harusi, msiba, ada ya mtoto wa shangazi, bati la msikiti au la kanisa. Mtu aliyetoka Ulaya hachangishwi kiwango cha mwenye jembe. Ukiupangia mstari huo kiasi chake kila mwezi, utaweza kusema "mwezi huu kimekwisha, mjomba, tuonane mwezi ujao" bila kugombana na mtu. Usipoupangia, utakula mtaji wako kidogo kidogo huku ukishukuriwa.

Sasa tafuta kipato cha kulingana na daftari hilo. Tuseme ni mama aliyefanya uuguzi Uingereza miaka 22. Pensheni kamili ya serikali ya kule ilikuwa pauni 230.25 kwa wiki kuanzia Aprili 2025, na kuipata kamili kunahitaji miaka 35 ya michango. Chini ya miaka 10 hupati kitu. Kwa miaka 22 hesabu ya kawaida inampa pauni 144 na ushee kwa wiki, yaani kama pauni 627 kwa mwezi. Ukikadiria pauni moja kwa shilingi 3,200, hiyo ni milioni mbili. Kwa Kerenge, milioni mbili kwa mwezi ni maisha ya heshima.

Lakini kuna jambo ambalo lazima alijue kabla ya kukata tiketi. Uingereza huipandisha pensheni hiyo kila mwaka kwa wastaafu wanaoishi nyumbani kwake, Ulaya, na katika nchi ilizowekeana nazo mkataba wa kuipandisha. Tanzania haimo. Ukihamia Kerenge, kiwango ulichonacho siku hiyo ndicho utakachokaa nacho. Bei zikipanda kwa asilimia 4 kwa mwaka, kitu kinauzwa maradufu baada ya miaka 18 hivi. Aliyerudi akiwa na miaka 67 atafika 85 akiwa na pauni zilezile 627. Shilingi ikishuka itamfidia kiasi: dola iliyokuwa kama shilingi 1,100 mwaka 2005 ilifika 2,300 mwaka 2022. Ila shilingi hiyohiyo inaweza pia kupanda kwa miezi kadhaa mfululizo, na duka la Kerenge halisubiri. Kwa hiyo pensheni ya Uingereza ihesabu kama ngazi ya chini, na ujenge ngazi nyingine itakayokua.

Kwingine sheria ni nyingine. Ujerumani inahitaji angalau miezi 60 ya michango ili kukupa pensheni. Marekani inataka alama 40, ambazo kwa kawaida ni miaka 10 ya kazi, na asiye raia aulize mapema kama malipo yataendelea akikaa nje zaidi ya miezi sita. Oman ni tofauti kabisa: mgeni hapati pensheni ya kila mwezi, anapata kiinua mgongo, na kwa sheria ya kazi ya 2023 ni mshahara wa msingi wa mwezi mmoja kwa kila mwaka wa utumishi. Dada zetu wanaofanya kazi za ndani wako nje ya sheria hiyo, kwa hiyo yale yaliyoandikwa kwenye mkataba ni kinga yao muhimu. Dada, usisaini karatasi ambayo hujasomewa kwa Kiswahili mpaka mwisho.

Anayerudi na fedha za mkupuo ana kazi ya kuzigeuza ziwe mshahara, na hapa ndipo wengi hukosea kwa kukimbilia nyumba, gari na duka kwa pamoja. Njia tulivu zaidi ninayoijua ni hatifungani za Serikali zinazouzwa na Benki Kuu. Kiwango cha chini ni shilingi milioni moja, muda ni kuanzia miaka 2 mpaka 25, na riba hulipwa kila miezi sita. Chukua milioni 50 kwenye hatifungani ya miaka 25 yenye riba ya asilimia 12.56: inaleta 6,280,000 kwa mwaka, yaani 3,140,000 kila nusu mwaka, kama 523,000 kwa mwezi. Asilimia hizo sikuzibuni. Mwaka 2022 Serikali ilishusha riba ya miaka 25 kutoka 15.95 hadi 12.56. Aliyenunua kabla ya hapo anaendelea kupokea 15.95 mpaka mwisho, na kwa milioni zilezile 50 tofauti yake ni karibu milioni 1.7 kila mwaka. Ndiyo maana nasema anza kununua kidogo kidogo ukiwa bado kazini huko, miaka kumi kabla, kwa muda unaotofautiana, ili usikamatwe na riba ya siku moja. Ukibanwa, hatifungani inauzwa kupitia Soko la Hisa la Dar es Salaam, ila bei ya siku hiyo yaweza kuwa chini ya uliyonunulia.

Kwa fedha za dharura, UTT AMIS, wasimamizi wa mifuko ya uwekezaji wa pamoja, wana Mfuko wa Ukwasi ambao haukufungi kwa miaka, na wana Mfuko wa Hatifungani kwa mtu asiyetaka kuhangaika na minada. Na kama uliwahi kuajiriwa Tanzania kabla ya kuondoka, itafute namba yako ya NSSF. Pensheni ya uzee inadai michango ya miezi 180. Mwenye miaka 45 leo ana miezi 180 kamili kabla ya kufika 60, na ile uliyochangia zamani usiiache ipotee.

Nimeichelewesha nyumba makusudi. Nyumba nzuri ya Kerenge inakupa usingizi, haikupi chumvi. Haina mpangaji wa kukulipa kodi ya mjini, na ukitaka kuiuza utangoja mnunuzi kwa miaka. Basi ijenge baada ya kipato kutimia kwenye daftari, na uijenge ya ukubwa wa wazee wawili: vyumba vitatu, sakafu isiyo na ngazi, tangi la kuvuna maji ya masika.

Kabla ya tofali, ardhi. Kwenye ardhi ya kijiji mwenye mamlaka ni halmashauri ya kijiji pamoja na mkutano mkuu wa kijiji, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Karatasi ya mauzo iliyosainiwa na muuzaji na mashahidi wawili chini ya mwembe haitoshi. Nenda ofisi ya kijiji, majirani wa mipaka waitwe, upate hati miliki ya kimila yenye jina lako. Kama ni shamba la ukoo, kaeni kikao cha ukoo kwanza na muandike mlichokubaliana, kwa sababu shangazi aliyenyamaza leo ana watoto watakaosema kesho.

Jina lako, nasema, si la kaka. Wengi waliochukua uraia wa nje waliandikisha ardhi kwa jina la ndugu kwa sababu Tanzania hairuhusu uraia pacha, na anayechukua uraia mwingine kwa hiari hupoteza wa hapa. Kaka akifariki, ardhi inaingia kwenye mirathi ya kaka, na mahakama haitaulizia risiti zako za kutuma fedha. Mwaka 2025 sheria za uhamiaji na ardhi zilirekebishwa ili kuweka hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania. Kama umebadili uraia, shughulikia hadhi hiyo kabla ya kununua hata robo eka. Na wosia uandike ukiwa mzima. RITA, wakala wa Serikali wa usajili na udhamini, wanapokea na kuhifadhi wosia.

Ukijenga ukiwa mbali, lipa kwa hatua na ulipe duka la vifaa moja kwa moja. Ndugu wa kusimamia apewe posho inayojulikana. Usimkabidhi mtu mwenye njaa milioni kumi za saruji halafu ukamwita mwizi. Hapo umemponza wewe.

Afya ndiyo inayowarudisha watu ugenini. Bima ya Marekani ya wazee, Medicare, kwa kawaida hailipi matibabu ya nje ya nchi hiyo, na huduma za NHS za Uingereza zinafuata makazi, hazifuati pasipoti. Kwa hiyo uliza bima ya hapa kabla hujarudi. Tangu Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 mambo yanabadilika, basi uliza kifurushi gani kinakubaliwa Hospitali ya Magunga pale Korogwe na Bombo kule Tanga. Tenga pia fedha za kufika KCMC au Muhimbili, kwa sababu usafiri wa mgonjwa ni gharama peke yake. Jingine dogo lenye uzito: Kerenge iko bondeni, na mtu aliyekaa Ulaya miaka 30 amepoteza kinga aliyokuwa nayo. Malaria itamshika kama mtoto. Chandarua kiwe kwenye bajeti.

Kuna karatasi za kumaliza. Uingereza huwatumia wastaafu walio nje fomu ya kuthibitisha kwamba wako hai, na isiporudi malipo husimama. Fomu inakuja kwa posta. Kodisha sanduku lako mwenyewe Posta ya Korogwe, usitumie la shule wala la parokia, na uache akaunti moja ya benki huko ukishahakikisha benki yenyewe inamruhusu mteja asiyeishi kule. Kuhusu kodi, mkaazi wa Tanzania hutozwa hata kwa kipato cha nje, isipokuwa aliyekuwa mkaazi kwa jumla ya miaka miwili au pungufu maishani mwake. Tanzania ina mikataba ya kuepusha kodi mara mbili na nchi chache, zikiwamo Kanada, Denmark, Finland, Italia, Norway na Sweden. Uingereza na Marekani hazimo. Gari nalo lina nafuu yake: anayehamisha makazi anasamehewa ushuru wa forodha wa gari moja, mradi amelimiliki na kulitumia mwenyewe nje kwa miezi 12 au zaidi. Wanaonunua gari wiki mbili kabla ya safari hushangaa bandarini.

Mwaka mmoja au miwili kabla ya kustaafu, omba likizo ndefu uje ukae miezi mitatu. Njoo Machi, masika yanapoanza na barabara inateleza, usije Desemba. Ishi kwa kile kiasi cha daftari, bila kugusa kadi ya ugenini. Nenda sokoni mwenyewe, panda bodaboda, hudhuria msiba, lipa kibarua wa palizi. Kila jioni andika ulichotumia. Mwisho wa Mei weka daftari hilo kando ya lile uliloandika ukiwa huko, na tarehe ya kurudi uipange kwa tofauti utakayoiona.