SOMO: JIRANI AKIDHULUMU WATU WAKE



Tuanzie hapa kwetu Singida Mjini. Usiku unasikia kilio nyumba ya pili. Baba anawapiga watu wake. Je, utasema "ya kwao hayo" ukalala? La! Majirani hutoka, wakabisha hodi, wakamwita balozi. Nchi nazo zina majirani.

Tarehe 25 Julai 1996, Meja Pierre Buyoya alitwaa serikali ya Burundi kwa nguvu za jeshi. Akafunga Bunge na kupiga marufuku vyama. Tangu Rais Melchior Ndadaye auawe mwaka 1993, raia wengi, Wahutu kwa Watutsi, walikuwa wakiuawa. Wengine walikimbilia kwetu Kigoma.

Tarehe 31 Julai viongozi wa nchi jirani walikutana Arusha. Wakaiwekea Burundi vikwazo. Burundi haina bahari, na mizigo yake mingi hupita Tanzania. Basi njia ikafungwa. Walidai mambo 3: Bunge lirudi, vyama viruhusiwe, na pande zote zikae chini kuzungumza. Msuluhishi alikuwa Mwalimu Nyerere.

Je, vilisaidia? Ndiyo, kiasi. Septemba 1996 Buyoya aliruhusu Bunge na vyama. Lakini vikwazo ni panga la makali mawili. Mafuta yaliadimika, bei zikapanda. Mkulima wa Burundi, ambaye hakupindua serikali, ndiye aliyeumia. Wafanya magendo wakanenepa. Jeshi nalo likaendelea kuwasomba wanavijiji kwa nguvu na kuwaweka makambini.

Kwa hiyo Aprili 1997 viongozi waliruhusu chakula, dawa, pembejeo na vifaa vya shule vipite. Januari 1999 vikwazo vilisimamishwa. Mwalimu alifariki Oktoba 1999, na Nelson Mandela akashika kazi yake. Tarehe 28 Agosti 2000 mkataba ulitiwa sahihi Arusha. Mapigano hayakuisha siku ile, lakini njia ya mazungumzo ilikuwa imefunguka.

Ndugu, kumkanya jirani ni wajibu. Ila tuangalie fimbo isimpige yule yule tunayetaka kumwokoa.

MANENO YA KUJIFUNZA
Vikwazo: kumnyima mtu biashara ili abadili mwendo.
Msuluhishi: mtu anayepatanisha wagomvi.
Magendo: biashara ya kificho isiyofuata sheria.

MASWALI YA KIKUNDI
1. Viongozi walidai mambo gani 3?
2. Kwa nini vikwazo viliwaumiza wakulima?
3. Ungekuwa Arusha siku ile, ungeshauri nini?