Uru Moja: Ukanushi na Hali ya -ja- katika Mnada wa Briji

Utangulizi

Karata ziliingia katika lugha ya Kiswahili pamoja na msamiati wake. Neno karata lenyewe, neno turufu, na majina ya aina nne za karata, yaani kopa, shupaza, uru na pau, yote yana asili ya Kireno. Waandishi wa habari wa Nairobi hawaoni taabu kusema kwamba mwanasiasa fulani ametoa karata yake ya turufu, na wasomaji wao huelewa hata kama hawajawahi kushika karata mkononi. Hata hivyo, mchezo wa briji, ambao huenda ndio unaotegemea lugha zaidi kuliko michezo yote ya karata, haujajadiliwa sana kwa Kiswahili. Katika vilabu vya katikati ya jiji na vya viunga vya magharibi, briji imezoeleka kuchezwa kwa Kiingereza, utadhani Kiswahili hakina maneno ya kuuelezea.

Makala haya yanachunguza sehemu moja ndogo ya mchezo huo: mnada unaofuata ufunguzi wa pau moja ya nguvu na jibu la uru moja. Suala linaloshughulikiwa ni la kisemantiki. Je, anayejibu uru moja huwa anakana nini hasa? Wanafunzi wengi wa briji hulichukua jibu hilo kuwa ni "hapana". Makala haya yanashikilia kuwa jibu hilo linakaribiana zaidi na "bado", yaani ukanushi wa hali ya -ja-, na kwamba asiyeitambua tofauti hiyo humpotosha mwenzi wake na kumnyima ushindi uliokuwa wazi.

Swali na jibu katika karata za mitaani

Ni vyema kuanza na mchezo unaojulikana na wanafunzi wengi. Kuanzia mabweni ya vyuo hadi vibaraza vya Kangemi na Kawangware, vijana wa Nairobi hucheza karata wanayoiita poka, ingawa haifanani na poka ya Wamarekani. Kanuni zake hutofautiana kidogo kutoka kundi moja hadi jingine, lakini zote zina mambo mawili yanayomhusu mwanaisimu. La kwanza ni kwamba malkia na karata ya nane ni "maswali": kila swali sharti lifuatwe na jibu, na asiye na jibu huokota. La pili ni kwamba mchezaji anayekaribia kumaliza hulazimika kutamka "niko kadi". Asipotamka, hata akiwa na karata nzuri namna gani, hawezi kumaliza.

"Niko kadi" ni tendo la usemi kamili. Haliwapi wenzake habari tu, bali hubadilisha hadhi ya msemaji mchezoni. Maana yake ni moja na kila aliyeketi pale huielewa bila kufafanuliwa. Katika briji hali ni tofauti. Maneno ni machache, maana ni nyingi, na hutegemea makubaliano ya wenzi wawili.

Lugha yenye matamko 38

Briji huchezwa na watu wanne, wawili dhidi ya wawili, na kila mmoja hupewa karata 13. Kabla ya karata ya kwanza kutupwa hufanyika mnada ambapo kila upande hutaja mizunguko utakayoshinda na aina itakayokuwa turufu. Kiwango cha chini ni kimoja, nacho humaanisha mizunguko saba kati ya 13. Cha juu ni saba, yaani mizunguko yote. Aina hupangwa hivi kuanzia chini: pau, uru, kopa, shupaza, kisha bila turufu. Viwango saba mara tano ni matamko 35. Ukiongeza pasi, maradufu na maradufu ya pili, unapata 38. Huo ndio msamiati wote. Kiimbo, ishara za uso na kusita vimepigwa marufuku, na katika mashindano wachezaji hutumia visanduku vyenye vikadi vya matamko ili sauti isisikike kabisa.

Hapa unasibu wa ishara, alioufafanua Ferdinand de Saussure, huonekana waziwazi. Pau moja inaweza kuwa na maana kwamba msemaji ana pau nyingi. Lakini wenzi wakikubaliana, inaweza kuwa na maana nyingine isiyohusiana na pau hata kidogo. Harold Vanderbilt, Mmarekani aliyesawazisha kanuni za kuhesabu alama za briji ya kisasa akiwa safarini baharini mwaka 1925, ndiye pia aliyebuni mfumo wa mwanzo ambamo pau moja ilitangaza mkono wenye nguvu. Mfumo wa aina hiyo uliopata umaarufu mkubwa baadaye ni Precision, uliobuniwa na C. C. Wei. Mwaka 1969, huko Rio de Janeiro, timu ya Taiwan iliutumia ikashika nafasi ya pili katika mashindano ya dunia ya Bermuda Bowl, nyuma ya Italia.

Katika Precision, pau moja ina maana kwamba mchezaji ana pointi 16 au zaidi, aina yoyote iwayo. Mwenzi wake haruhusiwi kusema pasi. Akiwa na pointi 0 hadi 7 hujibu uru moja, na jibu hilo nalo halihusiani na karata za uru.

Mtego wa mzungu wa nne

Jambo moja la istilahi lapaswa kutatuliwa kabla ya kuendelea. Pointi za briji huhesabiwa hivi: ree ni 4, mfalme 3, malkia 2 na ghulamu 1, jumla katika seti nzima ni 40. Msomaji wa kamusi za zamani atakumbuka kwamba karata za picha ziliitwa mzungu wa pili, mzungu wa tatu na mzungu wa nne, mfalme akiwa ndiye mzungu wa nne. Namba hizo zinalingana na alama ambazo karata za picha hubeba katika mchezo wa Kireno wa bisca, yaani 2, 3 na 4. Ni majina matamu, tena yana historia ndani yake. Lakini katika briji mzungu wa nne ana pointi 3! Mwalimu atakayeyatumia atamchanganya mwanafunzi siku ya kwanza. Kwa hiyo makala haya yanatumia mfalme, malkia na ghulamu. Ree libaki, ijapokuwa nalo lina kichekesho chake: kwa Kireno "rei" ni mfalme, na kwa Kiswahili limekuwa jina la karata ya moja.

Uru moja hukana nini?

Kwa Kiingereza jibu hili huitwa kwa neno lenye maana ya ukanushi. Istilahi tatu zaweza kupendekezwa kwa Kiswahili. "Jibu hasi" lina harufu ya hisabati na hudokeza kwamba mkono uko chini ya sufuri. "Jibu la unyonge" ni bora kidogo, lakini mkono wenye pointi 7 na shupaza sita si mnyonge. "Jibu kanushi" ndilo lifaalo, mradi mipaka ya ukanushi huo ibainishwe.

Kinachokanushwa ni dai moja tu: "nina pointi 8 au zaidi". Mkono wenyewe haukanushwi. Linganisha sentensi mbili: "Mgeni hakufika" na "Mgeni hajafika". Ya kwanza hufunga mlango. Ya pili hukana kwamba tukio limekwisha kutokea, lakini humwacha msikilizaji akitazama njia. Uru moja ni "hajafika". Mkono haujafikia pointi 8. Kama ulikaribia au uko mbali sana, hilo litajulikana katika tamko la pili.

Mfano utafafanua. Mfunguzi ana karata hizi: shupaza ree, mfalme, ghulamu, 8, 5, kopa ree, 4, uru mfalme, malkia, 3, pau 9, 6, 2. Jumla ni pointi 17. Mwenzi wake ana shupaza 10, 7, 3. Kopa malkia, 9, 6, 2. Uru ghulamu, 8, 5. Pau mfalme, 7, 4. Hizo ni pointi 6. Mnada huenda hivi: pau moja, uru moja, shupaza moja, shupaza mbili, pasi.

Shupaza moja ya mfunguzi sasa ni tamko la kawaida: anazo shupaza tano au zaidi. Kwa kuwa mwenzi amekwisha kujiwekea ukomo, anaruhusiwa kusema pasi akiwa na mkono mtupu. Hapa hasemi pasi. Shupaza mbili ni tamko yakinishi ndani ya ukanushi: "Sikufikia 8, lakini nina shupaza tatu na pointi za kutosha kukuunga mkono." Mfunguzi hupiga hesabu. Pointi zake 17 na 7 za mwenzi, zikiwa nyingi kabisa, ni 24. Mkataba wa shupaza nne, wenye mizunguko kumi na bonasi kubwa, kwa kawaida huhitaji kama 25 au 26. Anasema pasi, na amefanya sawa.

Sasa pau yake ya 9 ibadilishwe iwe ree. Mfunguzi ana 21. Baada ya kusikia shupaza mbili hana budi kutaja shupaza nne. Hapa ndipo kosa la kusoma uru moja kama "hapana" hugharimu. Mjibu anayedhani kwamba amekwisha kukana kila kitu atasema pasi juu ya shupaza moja akiwa na pointi zake 6, na wenzi watabaki kwenye mizunguko saba huku kumi ikiwa mezani. Kosa hilo ni la kisarufi zaidi kuliko la karata: amechukua -ja- akaifanya -ku-.

"Hapana" kamili nayo ina mahali pake. Mfunguzi mwenye pointi 22 au zaidi huruka, akataja kwa mfano shupaza mbili badala ya moja, na mjibu hulazimika kusema jambo. Kwa wenzi wengi, bila turufu mbili hapo ni ukanushi wa pili: mkono hauna kitu. Si pendekezo la kucheza bila turufu.

Wapinzani wanapoingilia

Kanuni ya ushirikiano ya Paul Grice huwahusu wasemaji wanaotaka kuelewana. Katika briji wapo wengine wawili wanaosikiliza na wasiotaka kuelewana huko kufanikiwe. Wana haki ya kujua maana ya kila tamko, na anayepaswa kuwaeleza ni mwenzi wa msemaji, si msemaji mwenyewe; makubaliano ya siri hayaruhusiwi. Lakini pia wana haki ya kuziba njia.

Pau moja ina udhaifu hapo, kwa kuwa haijataja aina yoyote. Mpinzani mwenye pointi chache na shupaza sita ataruka mara moja hadi shupaza mbili, na uru moja haipo tena, maana mnada haurudi nyuma. Sasa pasi ndiyo huchukua nafasi ya ukanushi. Wenzi wengi hugawa hivi: pasi kwa pointi 0 hadi 4, na maradufu kwa 5 hadi 8, isiyo na nia ya kuadhibu bali ya kusema kwamba kuna kitu. Wasiogawa hivyo hujikuta wakiweka "bado" na "hapana" ndani ya kimya kimoja, na mfunguzi mwenye pointi 19 hubaki akibahatisha katika kiwango cha tatu.