Fimbo ya Mwalimu Mkuu

Wazazi wengi wadhani kwamba Mwalimu Mkuu ni yule mwenye ofisi, mhuri na ufunguo wa stoo, na kwamba mengine yote ya shule ni kazi ya walimu wa madarasa. Sivyo. Katika shule za Tanzania liko jambo moja ambalo sheria imelitia mkononi mwake yeye, nalo lahusu mwili wa mtoto. Yafaa tulieleze, kwa maana ni wazazi wachache walijuao.

Jambo lenyewe ni adhabu ya viboko. Kanuni zilizotolewa mwaka 2002 chini ya Sheria ya Elimu zasema kwamba mwenye mamlaka ya kumchapa mwanafunzi ni Mkuu wa Shule, ama mwalimu aliyeteuliwa naye kwa maandishi. Na hata huyo mteule hana budi kupata kibali chake kila mara. Viboko visizidi 4. Kosa liwe zito, na umri na afya ya mtoto vitazamwe kwanza. Msichana achapwe na mwalimu wa kike, isipokuwa shule haina mwalimu mwanamke. Kisha yote yaandikwe kitabuni: jina la mtoto, kosa lake, hesabu ya viboko, na jina la aliyechapa, naye Mkuu atie sahihi.

Angalieni maana yake. Fimbo imefungiwa katika ofisi moja, na kila itokapo lazima mtu mmoja awe ameulizwa, akapima, akakubali. Mwalimu mwenye hasira hapewi nafasi ya kuwa mshitaki, hakimu na mwenye kuadhibu kwa dakika ile ile.

Tutwae mfano wa Mlingotini, kijiji cha pwani kusini mwa mji wa Bagamoyo, ambako akina mama hulima mwani. Kazi hiyo haifuati saa ya ukutani, yafuata maji. Wakati wa bamvua, mwezi uandamapo na uwapo mpevu, bahari hukupwa mbali, mara nyingi asubuhi, saa za masomo. Ndipo watu washukapo kufunga mbegu kwenye kamba na kuvuna. Basi tuseme mtoto wa nyumba kama hiyo hakuonekana darasani asubuhi tatu mfululizo. Mwalimu kijana, aliyehamishiwa pwani kutoka bara, aona ni ukaidi. Akishika fimbo papo hapo, mtoto amekwisha kuadhibiwa kabla haijajulikana kosa ni la nani. Akienda kwanza kwa Mwalimu Mkuu, huenda akaulizwa swali moja tu: "Jana maji yalikupwa saa ngapi?"

Hatusemi kwamba mwani ni udhuru. Mahali pa mtoto asubuhi ni shuleni, na Mwalimu Mkuu hana budi kumwita mama na kumwambia hivyo waziwazi, kwa heshima. Lakini hilo ni neno kati ya watu wazima wawili, wala haliandikwi kwa fimbo juu ya mwili wa mtoto aliyetumwa na mzazi wake.

Tusifichane: ziko shule ambazo kila mwalimu huingia darasani na fimbo yake, na kitabu cha adhabu hakijulikani kilipo. Mwezi Agosti 2018, huko Bukoba, mwanafunzi wa shule ya msingi alifariki dunia baada ya kupigwa na mwalimu. Kenya ilikwisha kuifuta adhabu hii mashuleni mwaka 2001, na wako kwetu waombao tufanye vivyo hivyo. Mabishano hayo ni marefu. Lakini hata yule aipendaye fimbo, sheria haikumwachia aitumie apendavyo.

Nasi wazazi tuna sehemu yetu. Wako wampelekao mtoto shuleni na kumwambia mwalimu, "Mchape tu, nimekuruhusu." Ruhusa hiyo si yao kuitoa. Afadhali, katika mkutano ujao wa wazazi, baada ya habari za madawati na chakula cha mchana, mmoja asimame na kuuliza kwa adabu: "Shikamoo, Mwalimu Mkuu. Twaomba kujua kitabu cha adhabu kinawekwa wapi, na ni mwalimu gani uliyemteua kwa maandishi?"